Bibi Harusi wa Mpunga

Kijiji nilichokiandika sijawahi kukiona. Kiko Jawa, Indonesia, kwenye mteremko wa mlima ambao mara nyingine hutoa moshi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mtu aliyenisimulia habari zake ameshapoteza vya kutosha kupitia mikono yangu.

Alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Mafuta ya moto yalimuunguza mkono wa kulia wakiwa safarini, meli ikamshusha Durban atibiwe, yenyewe ikaendelea na safari. Akapangishiwa chumba cha uani kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga mimi, mtaa wa Bluff, na akakaa karibu miezi mitano. Mchana nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja mtaa wa Mobeni. Nikirudi naandika riwaya ambayo ilikuwa imegoma. Tulipogundua kwamba sote wawili tumezaliwa kwenye mpunga, yeye Jawa na mimi Kyela, riwaya niliiweka kando. Niliahidi jarida moja dogo la nyumbani kwamba nitawaandikia makala ya kijiji chake.

Tuliongea Kiingereza, yeye cha melini, mimi cha darasani. Nilimwita Pak, kama wanavyomwita kwao mtu wa umri wa baba, naye aliniita Nak, mwanangu. Kila nikitoka kazini nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, bandeji hadi kwenye kiwiko, akilisubiri daftari langu zaidi kuliko alivyonisubiri mimi.

Alinieleza majaruba yaliyochongwa mlimani moja chini ya jingine, na maji yanayoshuka kutoka la juu kwenda la chini. Kuna mzee aliyekabidhiwa kazi ya kuyagawa. Anapita na jembe begani, hapa anafungua, pale anaziba, na wanawake wanamtania kwamba jaruba la mkewe halijawahi kukauka. Karafuu huanikwa barabarani kabisa, na madereva wanazikwepa bila kunung'unika, maana nao wana zao mbele.

Lakini alipofika kwenye mavuno alipunguza sauti. Zamani, alisema, mpunga wao ulikuwa mrefu kufika kifuani, na wanawake waliuvuna suke moja moja kwa kiwembe kilichopachikwa kwenye kijiti. Kiwembe hicho hufichwa kiganjani ili mpunga usikione ukashtuka. Mwanamke yeyote angeweza kuja kuvuna kwenye shamba la mwenzake bila kualikwa, na akaondoka na fungu lake. Kisha ukaja mpunga mfupi, unaokatwa kwa mundu. Wenye mashamba wakaanza kuleta vibarua kwa lori, na wajane wenye viwembe wakabaki nyumbani. Mama yake, mjane pia, alibakiza jaruba moja la mpunga mrefu, la mwisho kijijini, ili shoga zake wapate pa kuvuna.

Kila msimu, kabla ya mavuno, mama huyo alichagua masuke mazuri, akayafunga matita mawili kwa uzi mweupe, moja bwana harusi, jingine bibi harusi. Aliyabeba kwa kanga ya kwao kama mtoto mchanga, mtu wa pili akimshikia mwavuli, na akayatundika ghalani. Hayaliwi. Msimu ukirudi, punje zake huchanganywa na mbegu. Nililiandika hilo neno, hayaliwi, na nikalipigia mstari, kwa kuwa niliona lingefaa kufungia aya.

Mama yake alifariki yeye akiwa baharini. Kaka yake akapanda mpunga mfupi kwenye lile jaruba la mwisho. Hilo nalo niliandika, kwenye ukurasa mwingine.

Hospitali walipomwita kwenda kupandikizwa ngozi, alinijia na kitu kilichofungwa kwenye skafu. Yalikuwa matita mawili madogo yenye uzi mweupe. Mama yake alikuwa amempa alipokwenda nyumbani likizo ya mwisho.

"Nitundikie mahali pakavu," alisema. "Chumba changu kinavuja."

Nikayatundika kwenye msumari juu ya meza yangu ya kuandikia. Kwa wiki nzima niliandika chini yake.

Kwetu mtu akitoka hospitali hapikiwi mchele wa dukani. Anatwangiwa mpunga, auhisi mwili wake umerudi nyumbani. Siku ya kurudi kwake nilizunguka maduka, mpunga sikuupata. Nikarudi, nikaketi, nikainua macho kwenye msumari. Sikukumbuka neno lolote nililokuwa nimeliandika. Nilichoona ni mpunga wa kwao, na nikajiona mtu mwema sana.

Kinu nilikiazima kwa jirani, mama wa Uvira, Kongo, ambaye hutwangia sombe, kisamvu cha kwao.

"Kinu yangu iko na harufu ya sombe," alinionya. "Huyu mubaba atakula wali ya kijani."

Nikamwambia nitakiosha.

"Eish, mutoto wa Tanzania. Muchele iko ku duka, weye unatwanga. Ile ni mapenzi ao ni masomo?"

Nikamjibu ni masomo, akacheka hadi akashika mlango.

Nilitwanga, nikapepeta, nikachambua chuya moja moja kama mama alivyonifundisha, maana mgeni hatakiwi kuuma punje yenye ganda. Chuya nikazimwaga dirishani, ndege wale. Mchele uliobaki ulitosha sahani moja. Ulipoanza kuchemka mama wa Uvira alirudi mlangoni, safari hii bila utani, akauliza ni kitu gani kinanukia hivyo.

Pak alifika alasiri. Aliiona sahani mezani akatabasamu. Kisha akauona msumari.

"Nak," alisema taratibu. "Yote?"

Nikasema yote, na bado nilikuwa na fahari. Nilipomtazama usoni ndipo zile kurasa mbili za daftari, ya hayaliwi na ya jaruba la mwisho, zilipokutana kichwani mwangu.

Hakugomba. Aliketi, akaomba radhi kwamba atakula kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia bado umefungwa, akachukua kijiko. Alikula polepole hadi punje ya mwisho. Nilikuwa na muda wote huo wa kumwomba msamaha. Nilichoweza ni kumuuliza kama umeiva.

"Umeiva," alisema.

Mama wa Uvira, nilipomweleza nilichofanya, hakunilaumu wala kunipa pole. Aliuliza tu, "Chuya ulitupa wapi?"

Tukashuka uani, sisi watatu, tukapiga magoti kwenye majani chini ya dirisha. Ndege walikuwa wametutangulia. Tulipata punje nane. Pak aliomba nichane karatasi, akazikunja ndani yake, akaitia kwenye mfuko wa shati. Karatasi hiyo ilitoka kwenye daftari lile lile.

Wiki iliyofuata alisafirishwa kwao. Makala ilitoka. Wasomaji waliisifu aya ya bibi harusi wa mpunga, na mwenzangu mmoja mwandishi aliniambia kwamba neno hayaliwi lilimsisimua. Nilimshukuru. Kwenye makala sahani haimo.

Baada ya miezi kadhaa Pak alinitumia picha ya kopo la maziwa lililojaa tope. Juu ya tope hapakuwa na kitu. Aliandika kwamba amengoja siku arobaini na zile punje hazikuota. Labda zilipasuliwa na mchi, labda zilikuwa zimezeeka. Halafu akaniomba jambo. Siku ile, aliandika, alikula akimuwaza mama yake, na sasa hakumbuki wali ule ulinukiaje. Wewe unaandika kila kitu, Nak. Niandikie harufu yake.

Nililifungua daftari. Lina mzee wa maji, lina karafuu barabarani, lina kiwembe kiganjani. Harufu haimo. Siku ile nilikuwa nimesimama juu ya sufuria, mvuke ukinipiga usoni, na nilikuwa nawaza jinsi atakavyonishukuru. Kuonja sikuonja, wote ulikuwa wa mgeni.

Nimemwandikia mara nne, zote nimezifuta. Nakaa, nafumba macho, naurudisha ule mvuke, na kila mara kinachokuja ni wali wa Kyela, wa jikoni kwa mama yangu, ambaye bado yupo na bado anapanda. Kumtumia huo siwezi. Bado hajajibiwa.