Siku Kichwa Changu Kilipokwama Kwenye Kizimba cha Gari

Bora mlisikie kwangu, maana Bariadi nzima inalisimulia na kila mtu anaongeza chumvi. Ndiyo, mimi Kabula, yule wa dawati la nyuma ambaye hata jina lake analinong'ona, ndiye niliyepita mnadani kichwa kikiwa nje ya gari kama mbuzi, nikipiga kelele.

Kaka Masanja, ambaye tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba amekuwa dereva wa mmoja wao, alinunua gari bovu akaamua kuingia mashindano ya vijana, kwenda Ngulyati na kurudi. Mama akagoma: hapandi mtu humo mpaka kiwekwe kizimba, yaani yale mabomba ya ndani yanayozuia paa lisiwaangukie watu gari likipinduka. (Kuna kijana alijengewa cha mabomba ya vitanda, kikajikunja kama karatasi, na yeye mpaka leo anachechemea.) Kaka akatafuta mabomba mazito, na Fundi Gamba wa Somanda akaanza kuchomelea. Mimi nilikuwa na tamaa yangu ya siri, kile kiti cha kushoto cha msaidizi anayemtajia dereva njia, lakini nilipokitaja kaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Nitakusikia na nini? Hicho cha rafiki yangu Lusinge."

Siku ya mnada Lusinge akachelewa, na fundi alitaka mtu wa kupimia mkanda. "Kaa wewe kidogo," akasema, nami nikakaa, roho kwatu, na kama ningebaki nimekaa hivyo hivyo nisingekuwa na la kuandika. Mara akapita Guku Nkuba, mdogo wake babu. Kwetu msichana hamsalimii mzee huku amekaa kitako, kwa hiyo nikateleza kutoka kitini nikapiga magoti humo humo ndani (kushuka sikuweza, mkanda ulikuwa umenizonga), nikasema, "Mwangaluka, guku."

"Nani huyo?" akauliza, anaangalia juu ya mti.

Ili anisikie nikapenyeza kichwa katikati ya mabomba mawili ya mlangoni (mlango wenyewe ulikuwa bado haujafungwa), nikarudia. Akafurahi, akauliza habari za mama, za ng'ombe, za shule, zote nikajibu, akaenda zake. Nikavuta kichwa. Masikio yakakataa.

Mwingine angeita. Mimi nikaona aibu, nikasema moyoni kitatoka tu chenyewe. Basi hapo hapo jenereta la fundi likazimika, wakakubaliana gari lisukumwe mpaka kwa fundi mwingine kule bondeni, karibu na mnada. Kaka akashika usukani akiwa nje, upande wa kulia, vijana wakasukuma nyuma, na mimi upande wa kushoto nimenyamaza kimya! Tulipofika mteremkoni gari likawaponyoka. Kaka akarukia ndani, akakanyaga breki, breki hakuna.

Mbele upande wangu, ambako yeye alikuwa haoni, kundi la ng'ombe.

"KULIA!" Sijui ile sauti ilitoka wapi. "Kaka, kulia! Tena! Sasa nyoosha, kuna mama na ndoo! Kushoto kidogo! Magunia, ingia kwenye magunia!"

Tukaingia kwenye magunia ya pamba ya tajiri mmoja, puu, tukasimama. Hakuna aliyeumia. Pamba imenijaa nyweleni, na wasichana wa darasani kwetu wamesimama mstari wa mbele.

"Heee! Kumbe Kabula ana sauti!"

"Masanja, hilo tenga lako unafugia nini, kuku?"

Walinipaka mafuta ya pamba masikioni, watu wakashauriana namna ya kunivuta kama ndama anayezaliwa, mpaka nikachomoka. Kaka hakucheka. Aliangalia lile pengo, akamwambia fundi, "Kama kichwa kinapita hapa, tukipinduka kitabaki hapa." Likaongezwa bomba la tatu kila upande. Jioni mama akaja na mchi wa kinu, akakigonga kizimba kila kona, akaitikia kwa kichwa: haya, nendeni.

"Na Lusinge?" nikauliza.

"Lusinge anajua njia," akasema kaka, "lakini wewe nimekusikia."

Jumapili, siku ya mashindano, tukapinduka kweli, ng'ambo ya mto, tukalala ubavu kwenye majaruba ya mpunga. Bomba halikupinda hata moja. Wakulima wakatuinua, nikapayuka "twende, twende!", tukamaliza wa nne, na mama akapiga vigelegele mpaka kitenge kikamdondoka.

Nimeapa: nikiwa garini nitasalimia kwa mkono, wazee wanisamehe. Jumatatu mwalimu aliniita jina, nikafungua mdomo, sauti imekauka yote kwa kelele za jana. Akasikitika, "Kabula na aibu zako!" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi, nikiwa nimesimama, nikacheka nao.