Msile papa aliyetoka kwetu

Jamani, mliopewa papa mkavu na mama, mtupeni sasa hivi!

Mama alimnyunyizia dawa ya shambani ili nzi wasitue juu yake akikauka uani. Alidhani akimwosha, sumu itatoka.

Kaka yangu Shee amekula mchana. Kufika alasiri anatoka povu, pumzi hapati.

Hospitali tuliyopo hapa Kismayo ina mashine moja ya kupumulia, na ina mtu. Mkulima, naye ni dawa hizihizi.

Sisi tumepewa mfuko wa mpira. Ukiuminya, Shee anapumua. Ukiacha, naye anaacha.

Tukawa tunapokezana, mimi na mama.

Mara shangazi huyo, kaja kumtazama mgonjwa na sufuria yake kichwani. "Kuleni kwanza," akasema kwa lahaja yetu, "mchu hauguzi na njaa." Akafunua.

Papa! Yuleyule wa mama!

Nilipiga ukelele, wodi nzima ikageuka. Mama aliendelea kuminya, machozi yanamdondokea Shee usoni.

Mnaouliza mje na nini: chakula hapana. Njooni na mikono. Ya mama imechoka, na mfuko amekataa kuniachia.