Majibu ya Mama Mghoi

Mama Mghoi alizaliwa Taita, Kenya, akaolewa Kibosho, ng'ambo ya mpaka, akamzika mumewe huko na kuendelea kulima kahawa peke yake. Mwaka 1995 alitaka uraia, ili Oktoba apige kura kama jirani zake.

Mwezi mzima mimi, jirani yake, nilimfundisha maneno ya serikali jikoni kwake, akimenya ndizi. Siku ya usaili nikamsindikiza mjini.

"Taja mihimili mitatu ya dola," ofisa alimwambia bila hata shikamoo.

Maneno yalikuwa yamemtoka.

"Rudi mwakani, bibi." Ofisa akafunga faili. Mwakani! Kura zingekuwa zimeshahesabiwa.

Mama Mghoi hakuinuka. "Kwenu kuna mfereji wa kuleta maji shambani?"

"Upo."

"Kwetu tunakutana wote kupanga zamu za maji. Tunamchagua mtu wa kuyafungulia. Akitokea mwizi wa maji, wazee wengine ndio wanaomhukumu, na huyo mfunguaji naye akiiba wanamtoza pombe ya mbege. Hayo si matatu? Majina yamenipotea, ila kazi yake naijua. Tangu mume wangu afe, kila usafi wa mfereji nipo na jembe. Wewe wa kwenu umeuzibua lini?"

Ofisa akainamisha kichwa. "Zamani, mama."

"Na hakuna aliyekuambia wewe si raia. Fungua faili, mwanangu, uandike."

Akalifungua, akaandika.

Tulipofika mlangoni Mama Mghoi alisimama ghafla, akageuka. "Bunge, Serikali, Mahakama!" akapaza sauti. "Ongeza na hayo."