Mtu wa Kusema Hapana Makere

Firdausi alikuwa na ugonjwa wa kumpenda kila aliyeketi mbele yake. Kwa mwenye duka hiyo ni neema; kwa mwenye kampuni changa anayetafuta mfanyakazi, ni balaa. Kampuni yake, pale Kasulu mjini, ilikodisha mashine za kupukuchulia mahindi: mkulima anapiga simu, mashine inamfuata nyumbani. Mtu wake wa kwanza wa Makere, Nurudini, alimwajiri mwaka jana kwa sababu walicheka pamoja saa nzima. Nurudini akaenda Makere akaahidi vitongoji vitatu mashine moja, siku moja. Watu wakatoa mahindi nje, wakangoja. Mvua ikafika kwanza.

Watu wa Makere hawakuzunguka mbuyu, walimwambia Firdausi wazi. Akiwaletea mwongo mwingine, wao wanarudia fimbo zao za kupigia mahindi, na yeye abaki na mashine yake. Na nusu ya wateja wake walikuwa Makere.

Safari hii Firdausi akajibana. Maswali yale yale kwa kila mwombaji, kisha jaribio moja: kumtuliza mteja aliyekasirika. Kila mmoja aliambiwa mapema kwamba mashine iko Munanila hadi Ijumaa. Na mteja mwenyewe hakuhitaji kuigiza: alikuwa mama Yusta wa Makere, ambaye mahindi yake yaliota kwenye turubai.

Akaingia Renatus, kijana mtanashati. "Mwakeye, mama," akaanza kwa salamu ya Kiha, akamjulia hali yeye, watoto, mpaka mbuzi. Yusta akadai mashine yake.

"Kesho asubuhi itakuwa kwako, mama yangu. Wewe lala usingizi."

Yusta akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Firdausi naye, jamani, moyo ukayeyuka. Ilibidi ajikumbushe Munanila.

Kisha akaja Tunu, binti wa muuza vitenge wa Kibondo. "Shikamoo, mama. Mahindi yako yako ndani au nje?"

"Nje! Nataka mashine kesho."

"Kesho haiwezekani, mama. Mashine iko Munanila. Jumamosi asubuhi ndiyo yako. Leo yaingize ndani."

"Unaniambia hapana, mimi, mtu mzima?"

"Ndiyo, mama, unisamehe. Nikikubali sasa, kesho utanitukana zaidi."

Huku kwetu mkubwa haambiwi hapana usoni. Utasema ndiyo, au tutaona, na kila mtu ataondoka na heshima yake. Ni adabu nzuri sana, ila mashine haiijui. Yusta alivyotoka mle chumbani alikuwa amevimba.

"Mchukue yule kijana," alimwambia Firdausi. "Huyu msichana kafunzwa na nani?"

Firdausi alitamani kukubali. Badala yake akauliza, "Mama, mwaka jana ungejibiwa na huyu msichana, mahindi yako yangelala wapi?"

Yusta akafungua kanga yake, akaifunga upya. "Ndani," akasema kwa hasira. "Lakini mfundishe kusalimia mpaka mbuzi."

Tunu akapata kazi. Ikabaki kumwambia Renatus, na hapo ndipo Firdausi alipoogopa kweli. Waombaji wote waliokosa aliwaambia "tutakupigia", kwa sauti tamu kabisa, na hakumpigia hata mmoja. Lakini unamwajirije mtu wa kusema hapana huku wewe mwenyewe huliwezi neno hilo? Akapiga simu.

"Renatus, kazi hukuipata. Ulimwahidi mama yule kitu ulichojua hakipo."

Firdausi akajiandaa kutukanwa.

"Asante, dada," Renatus akasema.

"Asante ya nini?"

"Kuna ofisi moja Kibondo niliomba mwaka jana. Walisema watanipigia. Mpaka leo, hata nikienda kuchota maji, simu naibeba."