Mursik ya Mama Vivian

Mke wangu Rodah hutengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, hadi watu hutoka Chepilat kuja kuomba kikombe. Nasema hivyo kwa majivuno, maana miaka miwili iliyopita alikuwa akiimwaga yote chini ya migomba.

Ilianza siku alipowanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Usiku wazo likamkwama: je, tone likiwa limeingia kwenye maziwa? Akaosha kibuyu upya. Kesho yake akakiosha mara nne. Mwaka ulipoisha alikuwa anasugua vibuyu hadi vidole vinapasuka, anavipaka mkaa wa mti wa senetwet wa kutia ladha, kisha anaviosha tena. Majirani wakamsifu kwa usafi. Usafi gani huo wa kumliza mtu?

"Baba Vivian, hebu onja. Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

Dakika tano hazipiti, ananiuliza tena. Nami naonja tena, nikijiona mume bora katika Bomet nzima.

Hatimaye tulifika kliniki, kwa muuguzi wa afya ya akili aitwaye Nyanchama. Alitueleza kwamba huo ni ugonjwa, si uchawi wala ukaidi. Wazo la kuogofya linamjia mtu, anaosha au anauliza ili litulie. Linatulia kidogo, halafu linarudi na nguvu zaidi. Akampa vidonge na mazoezi: aoshe kibuyu mara moja tu, kisha akae na ile hofu mpaka ishuke yenyewe.

Kisha akanigeukia. "Na wewe mzee, wacha kuonja. Akiuliza, usimjibu. Hiyo jibu yako ndiyo inalisha ugonjwa."

Nilikasirika. Huyu msichana alijua nini kuhusu ndoa?

Lakini nilitii. Wiki ya kwanza Rodah aliniita jiwe. Nikaenda kuchuma chai, nikalia huko kwenye majani ambako hakuna wa kunicheka. Kumnyima jibu mtu unayempenda ni kazi ngumu, nisikudanganye. Pole pole kuosha mara kumi kukawa mara nne, kisha mbili.

Ndipo ikaja koito, siku ya wakwe kuja kumposa binti yetu Vivian. Kwetu mama wa msichana huwamiminia wageni mursik kwa mkono wake. Vivian, kwa kumhurumia mama yake, akasema shangazi amimine.

"Ni mimi mama yako," Rodah akajibu.

Siku hiyo alisimama na kibuyu mbele ya mzee Kiptum, baba wa kijana. Akanitazama. Nililijua swali lile. Nikainama nikaangalia viatu vyangu, na Mungu anajua nilivyotamani kumjibu.

Mzee Kiptum akanusa kikombe, akatania, "Mama Vivian, hii haitatuua?"



"Sijui, mzee," Rodah akasema. "Kunywa tu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi peke yangu nilijua hakuwa akitania. Akasogea kwa mgeni wa pili, akamimina.