Saa Niliyokuwa Naisimamisha

Kwa hiyo mimi ndiye mkorofi. Haya. Shangazi ameshazungusha habari kwa ukoo mzima kwamba nilimfungia mlango usoni. Sasa sikilizeni na upande wangu, halafu mseme.

Dada yangu yuko maabara ya hospitali, anapima damu za watu kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Jumamosi hii ana mtihani wa kuingia shahada ya pili, masaa matatu mfululizo mbele ya kompyuta. Chini ya sabini hawakuchukui. Na kazini wamempa ruhusa ya kwenda kusoma mwaka huu tu. Akikosa, nafasi anapewa mwingine.

Nyumbani hakusomeki, kwa hiyo nikampa stoo yangu. Mimi ni kinyozi. Nyuma ya kiti cha wateja kuna pazia, nyuma ya pazia kuna meza ndogo, makopo ya poda na ndoo ya taulo. Nikamwambia, dada, kaa hapo ufanye mitihani ya mazoezi, mimi nitakushikia saa. Shule niliiacha mapema, mahesabu yake siyajui, lakini kushika saa hakutaki cheti.

Tatizo, dada ndiye karani wa ukoo. Mwenye barua, mwenye fomu, mwenye dawa, wote kwake, na yeye kusema hapana hajui. Anakaa dakika kumi, Shangazi anapiga simu: hivi vidonge vyeupe ni kabla ya kula au baada? Anajibu. Binamu anatokea na fomu ya kuomba kazi. Anamjazia. Mama anauliza ufunguo wa kabati uko wapi. Uko kwenye kabati, mama, umening'inia hapo hapo.

Damu inanichemka, ila mkononi nina mashine na kichwa cha mtu. Basi nikafanya nililoona ni haki. Kila akiitwa, nasimamisha saa ya simu. Akirudi, naiachia. Kama refa mtu akilala uwanjani. Sikumwambia, maana sikuona la kumwambia.

Alama zikapanda. Sitini na nne, sabini na moja, sabini na sita. Lakini kutulia, hapana. Miguu yake naisikia inagonga ndoo. Vifuniko vya kalamu alivitafuna mpaka nikaanza kumnunulia kalamu zisizo na vifuniko.

Zimebaki siku kumi na moja, akaenda kufanya jaribio kwenye kompyuta, linalofanana kabisa na mtihani wenyewe. Kule saa iko pembeni ya kioo, inahesabu kurudi nyuma, haimjui shangazi wala binamu. Na simu za kina nyie akapokea, kwa mazoea. Muda ukaisha maswali kumi na tisa hajayagusa. Hamsini na mbili.

Akarudi, akasimama mlangoni. Mteja wangu nimemnyoa nusu kichwa.

"Ulikuwa unasimamisha saa?"

"Ukiitwa tu. Nilikuwa nakuongezea dakika za majeruhi."

"Majeruhi nani?"

Mteja akafumba macho akajifanya amelala. Dada hakulia, na bora angelia. Alichukua ufagio, akafagia nywele ambazo nilikuwa nimeshazifagia. Halafu akasema, "Kuanzia leo usiisimamishe. Hata nikizimia, iache itembee."

Ndiyo maana nilihamia mlangoni. Simu yake nikaitia kwenye droo ya nyembe. Jumatatu hii Shangazi akaja mwenyewe na barua ya bima, akanikuta nimekaa kizingitini. Nikamwambia bado dakika tisini. Akasema yeye shida yake ni ya dakika mbili tu. Nikamwambia, shangazi, hizo mbili mbili zenu ndizo zimetufikisha hamsini na mbili. Akataka kupita, nikavuta mlango. Sauti niliipandisha, nakubali, na kwa hilo nisamehe, shangazi yangu. Kwa mlango siombi msamaha.

Dada ndani alisikia kila neno. Miguu ikagonga ndoo, kiti kikalia, nikajua anakuja. Hakuja. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza kuitwa asitoke. Maswali yote akayafikia: sitini na saba. Juzi sitini na tisa. Jana sitini na sita. Leo nimemnyoa mtu sharubu ambazo hakuomba zinyolewe.

Jumamosi anaingia saa tatu asubuhi, anatoka saa sita. Mpaka hapo mtu yeyote asimwite. Vidonge, soma kwenye kopo. Fomu, njoo nazo kwangu, nitazijaza vibaya ila nitazijaza. Na wewe usiye wa ukoo wetu, kama kwako kuna mtu ana mtihani na umezoea kumwita-ita, chukua simu yake, vuta mlango, ukae nje. Fanya leo.