Safari ya Kwenda Kumuaga Guka

Turubai jipya lina harufu yake. Ni harufu ya mpira na mafuta ya taa iliyochanganyika na vumbi, na mtu akilikunjua karibu nami leo, hata awe dereva wa lori anayefunika mzigo wake kando ya barabara kule Mai Mahiu, mimi hurudi mara moja katika karakana ya Ami Twalib, Bondeni, mjini Nakuru, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Ami ni mdogo wake baba, na kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye cherehani mbili na sakafu ya saruji iliyong'aa kwa kukanyagwa. Katika chumba hicho tulipanga safari ya boti ya tanga, tukaipanga kwa wiki tatu nzima, na nasema bila haya kwamba sijaona tangu hapo safari iliyopangwa kwa bidii namna ile na watu wasiojua lolote kuhusu matanga.

Sababu ya safari alikuwa Shosho, mama yake mama. Yeye na Guka, mume wake, walilima kwa miaka mingi karibu na Ziwa Naivasha. Guka alipofariki walimzika shambani, juu ya kilima kidogo nyuma ya nyumba. Kisha ziwa likaanza kupanda. Lilikula mafunjo ya ukingoni, likala shamba la maharagwe, likaingia zizini, na siku moja asubuhi jirani akaja na trekta akampakia Shosho na ng'ombe wake wawili huku maji yakifika kwenye magurudumu. Ng'ombe walibaki kwa jirani, na Shosho akaletwa kwetu Nakuru akiwa na begi moja la nguo. Begi hilo aliliweka chini ya kitanda changu na akakataa kuhamisha nguo zake. Kila jioni alitoa nguo moja, akaifua, akairudisha. Mama alipomsihi atundike nguo zake kabatini, alijibu, "Mimi sijahama. Mtu akihama huaga, na mimi sikumuaga baba yako." Alikula kidogo, akanyamaza sana, na mimi niliyelala naye chumba kimoja nilimsikia alfajiri akizungumza na Guka kwa Kikuyu, akimwomba radhi. Niliogopa kwamba angekufa kwa huzuni pale pale kitandani, nami ningekuwa wa kwanza kujua.

Kile kilima kilikuwa hakijazama. Kilikuwa kisiwa, chenye nyumba, kaburi na migunga michache, umbali wa kama kilomita moja kutoka ukingo mpya wa ziwa. Mama alienda kuwauliza wenye boti za injini, nao wakakataa mmoja baada ya mwingine. Kati ya ukingo na kisiwa kulikuwa na mashamba ya watu yaliyofunikwa na maji haba, na ndani ya maji hayo mlikuwa na nguzo, visiki na seng'enge. Injini kadhaa zilikuwa zimeshavunjwa panga zake za kusukumia maji na nyua za watu. Mama aliporudi na habari hizo, Ami Twalib aliweka mkasi chini, akajinyoosha, akasema, "Basi tutakwenda kwa tanga."

Lazima nimweleze Ami hapa, kwa sababu bila kumjua mtu hawezi kuelewa jinsi sote tulivyomwamini. Babu yake alitoka pwani pamoja na reli, na kabla ya hapo, kwa maelezo ya Ami, alikuwa nahodha. Ami mwenyewe alizaliwa Nakuru, akasomea Nakuru, na bahari aliiona mara moja tu, alipokwenda Mombasa kwenye harusi. Lakini alikuwa na misemo yote ya ubaharia. Akikosea kipimo cha turubai husema, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," kisha hukata upya. Kwake tanga lilikuwa jambo la ukoo, kama pua yake ndefu, na nilimpenda kwa kujiamini kule. Hata sasa naona kwamba mtu aliyejiamini alihitajika, maana wenye busara wote walikuwa wameshakataa.

Siku ya kwanza ya mipango, Ami alitandaza turubai jepesi la bluu sakafuni, akampa Shosho chaki ya fundi na kumwambia achore shamba lake. Shosho aliitazama ile chaki kama mtu aliyepewa kijiko cha kulimia. Akavua viatu. Akasimama pembeni mwa turubai na kusema, "Hapa ni geti," kisha akaanza kutembea. Alitembea shamba lake lote pale sakafuni kwa hatua ndogo ndogo, hatua moja ya karakana ikiwa hatua ishirini za shamba, akisimama na kunyoosha kidole cha mguu: hapa zizi, hapa choo, hapa kisiki cha mgunga tuliokata mwaka wa njaa, hapa seng'enge inaanza, inazunguka mpaka kwa jirani, na huku nje ya geti barabara, kisiki kingine na choo cha jirani. Mimi nilitambaa nyuma yake nikiweka alama kwa chaki, na baadaye kwa kalamu ya wino mzito. Siku hiyo alikula sahani nzima ya wali, na mama akatoka nje kulia. Ramani ilipokamilika, Ami alisema ni dhambi kuharibu turubai zuri, akalikata na kulishona liwe tanga lenyewe, ramani ikiwa juu yake.

Boti tuliipata kwa Oloo, mvuvi aliyezoeana na Guka tangu zamani. Ilikuwa ya mbao, pana, bapa chini, na haikuhitaji maji mengi. Oloo alikubali kwa masharti. Viboko hushinda upande wa mafunjo, kwa hiyo tutapita juu ya barabara ya zamani ya shamba, palipo wazi. Yeye ndiye atakayeshika mti wa kusukumia. Watu ni wanne tu. Mama aliniangalia na kusema mtoto haendi. Lakini Shosho haoni mbali, Ami atakuwa na kamba ya tanga mikononi, na Oloo atakuwa nyuma, basi ni nani angesoma ramani na kupiga kelele mbele kuna nini? Nilikuwa nimeitambaa ramani ile kwa magoti yangu. Nilifumba macho nikaisema yote, kutoka barabarani hadi kaburini, na mama akashindwa, akaniachia nafasi yake, yeye abaki ukingoni.

Palibaki tatizo moja, na hilo ndilo lililokula wiki ya tatu. Seng'enge ya Shosho ilizunguka shamba lote, na Oloo alikuwa ameipima: waya wa juu ulikuwa shubiri moja tu chini ya maji. Boti yenye watu wanne ingenasa. Ami alifikiri siku mbili, akatazama mwezi, akahesabu vidole, kisha akatangaza kwamba tutaondoka siku ya mwezi mwandamo, kwa kuwa siku hizo maji hujaa sana, na yatatupandisha juu ya waya bila hata kuugusa. Alieleza vizuri mno. Mama, aliyezaliwa kando ya ziwa lile, alikunja uso kidogo, lakini naye aliolewa katika nyumba ya manahodha, akaenda kutafuta vikapu vya safari. Shosho hakuuliza kitu kuhusu mwezi. Alichoomba ni kichupa cha mafuta ya cherehani, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

Basi tukafika ukingoni saa mbili asubuhi. Ziwa lilikuwa limelala, halina hata kunyanzi. Ami alichomeka kijiti penye ukingo wa maji, akakaa juu ya jiwe. "Tungoje yajae," alisema. Tukangoja. Saa tatu kijiti kilikuwa pale pale. Saa nne nikaenda kukitazama kwa karibu, nikapata konokono mmoja. Oloo aliyekuwa akifunga mlingoti kwa kamba za nyavu alimtazama Ami kwa muda mrefu.

"Boss, kwani tunangoja nani?"

"Maji."

"Maji si ndio hii?"

"Yajae kwanza."

Oloo alivua kofia. "Boss, hii ni ziwa. Hii maji haipandi asubuhi ikishuka jioni. Ikipanda imepanda, mpaka Mungu akumbuke."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiporomoka namna ile. Ami alikwenda kwenye kijiti chake, akachuchumaa, akakitazama kana kwamba kingemtetea. Wiki tatu za mipango zilikuwa zimeegemea kijiti kile. Mama akaanza kukusanya vikapu, na mimi nikajua kwamba nguo za Shosho hazitatoka kamwe katika lile begi chini ya kitanda changu.

Shosho alikuwa amekaa chini akimenya chungwa. "Kwani shida ni nini?" aliuliza.

"Ni ua wako, Mama," alisema Ami kwa sauti ndogo. "Hatuwezi kupita juu yake."

"Na mbona mnataka kuruka ua yangu kama wezi? Si kuna geti?"

"Mama, geti limefungwa. Na liko ndani ya maji."

Shosho alifuta mikono, akaingiza vidole shingoni mwa sweta, akavuta uzi mweusi. Mwisho wa uzi palikuwa na ufunguo. "Nililifunga mimi siku ile ya trekta," alisema. "Mtu haachi boma wazi."

Geti lilikuwa alama ya kwanza kabisa kwenye ramani. Nilikuwa nimelikanyaga kwa wiki tatu. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuliona shamba lile kama ziwa lenye hatari ndani yake, na yeye peke yake alikuwa bado analiona kama kwake, mahali panapoingiwa kwa mlango.

Tulipomaliza kucheka na kulaumiana ilikuwa karibu saa sita, na ndipo upepo wa mchana wa Naivasha ukaamka nyuma yetu, ule upepo ambao asubuhi haukuwapo. Kama tungeondoka saa mbili, tanga lingening'inia kama shati kwenye kamba. Ami alirudiwa na uso wake pale pale. "Niliwaambia tungoje," alisema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia. Turubai lilijaa, ramani ikanyooka juu yetu, na boti ikaondoka kwa sauti laini ya maji kwenye mbao. Nilisimama mbele nikishika mlingoti, nikipaza sauti kwa fahari ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi yoyote: "Kisiki kulia! Nyoosha barabara! Choo cha jirani kushoto!"

Ncha za geti zilichungulia juu ya maji, zimekaliwa na mnandi, ndege mweusi wa majini, aliyeruka kwa hasira tulipokaribia. Ami alishusha tanga, Oloo akachomeka mti. Shosho akainama ubavuni mwa boti, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akavuta mnyororo hadi ukatoka majini pamoja na kufuli. Akalifuta kwa leso. Akafungua kile kichupa, akatia mafuta ya cherehani matone matatu, akangoja kama mtu aliyesimama mlangoni kwake akiwa na siku nzima mbele yake. Kufuli lilikataa, likakataa tena, kisha likafunguka. Tulilisukuma geti kwa pua ya boti, polepole, tukaingia.

Kisiwani, maji yalikuwa hatua tano kutoka kaburini. Shosho alizihesabu kwa miguu, kisha akakaa kwenye ukingo wa saruji na kututuma tukaangalie paa la nyumba, ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Nilibaki nyuma kidogo kwa sababu nilitaka kusikia. Alizungumza Kikuyu, nami naelewa. Alimwambia kwamba alitoka mbio, kwamba ng'ombe wako salama, kwamba anaishi na watu wazuri ingawa fundi wao hajui maji. "Nimekuja kukuaga," alisema. "Ukiniona siko, usidhani nimekutoroka." Halafu akalia, na mimi nikalia naye, nikamshika mkono ambao ulikuwa bado unanuka mafuta ya cherehani.

Jioni upepo ulipotulia, Oloo alitusukuma kwa mti kurudi. Tulipotoka getini Shosho alimwamuru asimame, akavuta mnyororo, akafunga kufuli. "Mathe, unafungia nani sasa? Samaki?" aliuliza Oloo. "Nafungia yangu," alisema. Usiku huo, kabla ya kulala, alivuta begi kutoka chini ya kitanda changu na kutundika nguo zake kabatini, gauni baada ya gauni, akaniomba nimsogezee zangu.

Aliishi nasi miaka tisa tena, akacheka sana na kumsumbua Ami kila mwezi ulipoandama. Tulimzika Kuresoi, katika shamba la mjomba, juu kabisa kwenye baridi, mahali ambapo hakuna ziwa linaloweza kumfuata. Turubai liko huko pia, linafunika viazi, na ukilikunjua bado unaona choo na zizi kwa wino uliofifia. Kile kisiwa kimezama. Mimi nafanya kazi Njoro, katika ofisi ndogo ya kupima mashamba, tukiwa na picha zinazopigwa kutoka angani na mashine zinazojua kila kona kuliko Ami alivyojua misemo. Juzi nililitafuta shamba la Shosho kwenye kompyuta. Mwenzangu aliinama begani kwangu, akaona bluu tupu, akasema, "Achana na hiyo, Zuhura. Hapo hakuna kitu, ni maji tu." Sikumbishia, maana alisema alichokiona. Lakini hapo pana geti. Limefungwa, na ufunguo ninao mimi.